Mti, Maji na Kiti cha Utawala: Somo la Akiolojia kwa Wahudumu wa Neno katika Bonde la Kilombero

Utangulizi

Tulipokuwa tungali mchungaji kijana katika usharika mmoja wa bonde la Kilombero, vijana wa kwaya walitujia wakaomba ruhusa ya kuukata mkuyu uliosimama karibu na kisima cha zamani. Chini ya mti huo wazee kadhaa walikuwa wakiweka unga wa mtama na pombe kidogo kila mvua zilipochelewa, na miongoni mwao walikuwamo watu waliobatizwa. Tuliona kwamba ombi la vijana lilikuwa la haki. Mti ulikatwa siku ya Jumamosi, na kesho yake tulihubiri kwa nguvu juu ya Amri ya Kwanza. Baada ya ibada bibi mmoja, mshiriki mwaminifu wa Meza ya Bwana, alitungoja mlangoni akasema, "Baba Mchungaji, mti mmeukata. Sasa mvua tutaiombea wapi?" Tulimjibu, "Bibi, tutaiombea kanisani." Naye akauliza bila kejeli yoyote, "Lini?"

Hatukuwa na jibu. Katika ratiba yetu ya ibada ya mwaka ule hapakuwapo hata siku moja iliyotengwa kwa ajili ya mvua, mbegu na mavuno. Tuliliondoa mahali pa haja bila kuichukua haja yenyewe. Miezi michache baadaye tulisikia kwamba unga unawekwa tena, usiku, juu ya kisiki.

Swali la bibi yule lilitufanya tusome maandiko ya wanaakiolojia, yaani wataalamu wanaochunguza maisha ya watu wa kale kwa njia ya mabaki waliyoyaacha ardhini. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi elimu hiyo inavyosoma uhusiano wa mahali patakatifu, nchi na utawala. Jinsi uhusiano huo ulivyoonekana katika bonde letu. Na jambo ambalo unamdai mhudumu wa Neno.

1. Maswali matatu ya mwanaakiolojia

Watu wengi hudhani kwamba akiolojia ni kazi ya kutafuta dhahabu na makaburi ya wafalme. Lakini mwanaakiolojia husoma pia nchi yenyewe. Huangalia kama mahali pa ibada pamewekwa juu ya kilima, penye chemchemi au penye makutano ya mito. Hufuata njia zinazofika pale. Hupima ukubwa wa chumba ili ajue ni watu wangapi waliweza kuingia, na wangapi walibaki nje. Huhesabu vipande vya vyungu vya pombe, mawe ya kusagia na mifupa ya wanyama ili ajue karamu ilikuwa kubwa kiasi gani. Kisha hutazama matabaka ya udongo, kwa kuwa tabaka la chini ni la kale kuliko la juu, na mara nyingi jengo la mtawala mmoja husimama juu ya msingi wa mwingine.

Kazi hiyo tunaweza kuifupisha kwa maswali matatu. La kwanza: Watu walikuja mahali hapa kutafuta nini? La pili: Ni nani aliyesimama mlangoni, akapokea sadaka na kusema kwa niaba ya nguvu isiyoonekana? La tatu: Ni nani aliyekuja baadaye akajenga juu yake? Msomaji ayaweke maswali haya moyoni, kwa maana tutayatumia hata mwisho.

2. Mifano miwili: Peru na Buhaya

Mambo haya yamechunguzwa sana katika milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini. Katika nchi ya Peru, juu zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, yapo magofu ya Chavín de Huántar. Hekalu hilo, ambalo ujenzi wake ulianza yapata mwaka 1200 K.K., limesimama mahali mito miwili inapokutana. Ndani yake mna vijia vyembamba vya giza, na chini yake mna mifereji ya maji iliyojengwa kwa mawe. Wako wataalamu wanaosema kwamba maji yalipopita mifereji hiyo yalitoa ngurumo iliyosikika ndani ya jengo. Mwaka 2001 zilipatikana humo baragumu 20 zilizotengenezwa kwa makombe ya baharini, ingawa bahari iko mbali. Vijia vile haviwezi kuchukua umati. Wachache waliingia, na wengi walisubiri nje. Mlango mwembamba ulikuwa shule ya utii.

Katika pwani ya nchi hiyohiyo, kusini mwa mji wa Lima, yapo mahekalu ya Pachacamac. Mahujaji walikuja hapo kutoka mbali kumwuliza mungu aliyehesabiwa kuwa mwenye kutikisa nchi. Wafalme wa Inka walipoiteka pwani hiyo katika karne ya 15, hawakulibomoa hekalu walilolikuta. Walijenga hekalu la Jua, mungu wa utawala wao, kwenye mwinuko wa palepale. Hivyo kila hujaji aliyekuja kwa mungu wa zamani aliona kwa macho yake ni nani aliye juu. Mwaka 1533 Hernando Pizarro, nahodha wa Kihispania, alifika, akaivunja sanamu na kusimamisha msalaba. Hata hivyo, katika karne ya 17 maofisa wa kanisa walikuwa bado wanazunguka vijijini katika milima ya Peru wakitafuta mahali pa ibada za kale ili wapavunje. Msalaba ulikuwa umesimamishwa, lakini haja zilizowapeleka watu pale zilikuwa hazijaguswa.

Mfano wa pili uko karibu nasi, katika nchi ambayo Walutheri wanaifahamu vizuri. Huko Katuruka, Buhaya, magharibi ya Ziwa Nyanza, palikuwa na mti mtakatifu ulioitwa Kaiija, na masimulizi ya wazee yalipahusisha mahali hapo na uhunzi. Wazee walisimulia pia kwamba Mukama Rugomora Mahe wa nasaba ya Wahinda alijenga ikulu yake hapo. Peter Schmidt, mwanaakiolojia Mmarekani, aliyasikiliza masimulizi hayo kwanza, na ndipo akachimba palipoonyeshwa, kuanzia mwisho wa miaka ya 1960. Alikuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, ya kale kuliko nasaba ya Wahinda kwa karne nyingi. Mtawala mgeni alikuwa ameketi juu ya heshima ya wahunzi wa kale. Kumbukumbu ya wazee ilikuwa imetunza habari ya chuma kizazi baada ya kizazi, na jembe la mchimbaji likaithibitisha. Mhudumu anayedharau masimulizi ya wazee wa usharika wake na alikumbuke jambo hilo.

Mifano hii inatufundisha kwamba utawala haupendi kujipanda katika nchi tupu. Huketi mahali ambapo watu wamekwisha kupeleka hofu zao na matumaini yao, kwa kuwa hapo utii umekwisha kuandaliwa.

3. Bonde la Kilombero na njia ya maji

Sasa turudi nyumbani. Msafiri atokaye Kidatu kwenda Ifakara huwa na milima ya Udzungwa mkono wake wa kuume; upande wa kushoto huenea tambarare, na ng'ambo ya mto husimama milima ya Mahenge. Maji ya pande zote mbili hushukia bondeni. Wakati wa masika mto hufurika, na watu hupata mpunga na samaki katika mafuriko yaleyale yanayoweza kuchukua nyumba na mitumbwi yao. Mto Kilombero hukutana na Luwegu na kuwa Rufiji, na yapata asilimia 62 ya maji yote ya Rufiji hutoka katika bonde letu. Hesabu hii tutaihitaji baada ya kitambo kidogo.

Katika bonde hili hakuna mahekalu ya mawe. Nyumba za miti na nyasi huoza, na mafuriko hufukia mengine. Lakini yale maswali matatu yanaweza kuulizwa hapa pia. Wandamba, wavuvi na wapiga makasia, huhesabiwa miongoni mwa wenyeji wa zamani wa mto. Juu yao walikuja watawala wa Wabena kutoka nyanda za juu, ambao habari zao ziliandikwa na A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick katika kitabu kilichotoka mwaka 1935, wakisaidiwa na Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Wapogoro wa Mahenge nao walikuwa na wahudumu wa matambiko ya nchi walioitwa mbui, ambao waliziombea mvua na mazao nchi walizozitunza. Mbui hakuwa mfalme wala hakuwa na askari. Hata hivyo hakuna mkulima aliyeweza kumdharau, kwa kuwa alisimama kati ya watu na mvua.

Matambiko ya namna hii yalikuwa pia na vituo vikubwa vilivyowavuta watu wa makabila mengi. Katika mapango ya Uluguru aliheshimiwa Kolelo, na kando ya Rufiji Bokero. Martin Klamroth, mmisionari wa Misioni ya Berlin katika Uzaramo, aliandika habari za Kolelo miaka michache baada ya vita vya Maji Maji. Hivyo mmoja wa mashahidi wetu wa mapema ni mtu wa ukoo wetu wa Kilutheri. Watu walikwenda kwenye vituo hivyo kutafuta mvua, rutuba na kinga dhidi ya njaa. Kwa habari ya vita, hawakuwa na desturi ya kwenda huko.

Kisha utawala wa Kijerumani ulileta kodi, kazi za shuruti na mashamba ya pamba. Mwaka 1904 huko Ngarambe, karibu na Rufiji, Kinjikitile Ngwale alijitokeza kama mtu aliyepagawa na Hongo, roho iliyokuwa chini ya Bokero. Ilisimuliwa kwamba alizama ndani ya bwawa na kutoka siku iliyofuata akiwa mkavu. Alijenga nyumba kubwa ya ibada iliyoitwa Kijumba-Nungu, na mahujaji wakamiminika. Aliwapa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama, akawaambia kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji.

Tuyaulize maswali yetu. Watu walikuja kutafuta nini? Vitu vyenyewe vinajibu. Maji na mtama ni vitu vya mkulima anayeomba mvua, navyo ndivyo alivyokuwa akivipeleka kwenye matambiko tangu zamani. Kinjikitile hakuunda dini mpya kabisa. Alichukua haja ya kale ya uhai akaielekeza kwenye vita. Nani alisimama mlangoni? Si akida wala mtawala wa ukoo, bali nabii, na hiyo ndiyo sababu makabila yasiyokuwa na mfalme mmoja yaliweza kumsikiliza mtu mmoja. Nani alijenga juu yake? Kinjikitile alijenga juu ya msingi wa Bokero kama Wainka walivyojenga juu ya Pachacamac, ingawa yeye alifanya hivyo kwa ajili ya wanyonge.

Vita vilianza Nandete, katika milima ya Umatumbi, mwezi Julai 1905. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro, lakini maji yalikuwa yamekwisha kutoka mikononi mwake. Wajumbe walioitwa hongo waliyapeleka bara. Hapa ndipo ile hesabu ya asilimia 62 inapopata maana. Maji yaliyopita chini ya Ifakara yalikuwa yakiteremka kila siku kuelekea kwa Bokero. Sasa maji ya Bokero yakapandishwa kurudi Ifakara, yakiwa na agano la vita. Mwezi huo huo wa Agosti kituo cha Wajerumani cha Ifakara kilitekwa. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji, Wapogoro na Wambunga wakiwamo, waliishambulia boma ya Mahenge, na bunduki za rashasha zikawaangusha mbele ya kuta. Si bonde zima lililoinuka: Kiwanga, mtema wa Wabena, alisimama upande wa Wajerumani.

Jeshi la Kijerumani lilijibu kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala. Wajerumani wenyewe walikadiria kwamba watu 75,000 walikufa. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Watu waliochukua maji na mtama ili waokoe uhai wa nchi walikufa kwa kukosa mtama. Mchungaji anayehubiri Mahenge, Malinyi au Ifakara anahubiri juu ya tabaka hilo, ajue asijue.

Matabaka mengine yamefuata. Katika Operesheni Vijiji, kati ya miaka 1973 na 1976, watu walihamishwa, wakayaacha makaburi ya wazee wao nyuma. Mwaka 1992 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, na msitu uliokuwa chini ya wazee ukawa chini ya askari wa wanyamapori. Nalo Kanisa ni tabaka mojawapo: misioni ya Kikatoliki ya Kwiro ilianza mwaka 1902, hatua chache kutoka boma ya Mahenge, na sisi Walutheri tuna dayosisi yetu ya Ulanga Kilombero. Tumejenga makanisa yetu katika nchi yenye kumbukumbu. Kwa hiyo swali la tatu linatuhusu sisi pia.

4. Ushuhuda wa Maandiko

Biblia hailijui jambo hili kwa mbali. Katika 1 Wafalme 12 tunasoma jinsi Yeroboamu, mfalme mpya wa kaskazini, alivyoogopa kwamba watu wakienda Yerusalemu kuabudu, mioyo yao itamrudia mfalme wa Yuda. Basi akaweka ndama wawili wa dhahabu, mmoja Betheli na mwingine Dani. Betheli palikuwa mahali pa Yakobo, na kumbukumbu ya baba wa taifa ilikuwa pale karne nyingi kabla ya kiti cha Yeroboamu. Mfalme huyo alifanya walichokifanya Wahinda huko Katuruka na Wainka huko Pachacamac. Kosa lake lilikuwa kuigeuza ibada kuwa ukuta wa kulinda utawala wake.

Kinyume chake tunaweza kumtaja Yosia, ambaye katika 2 Wafalme 23 alizibomoa mahali pa juu. Akiolojia imetupa picha ya mageuzi ya namna hiyo. Huko Aradi, kusini mwa Yuda, Yohanan Aharoni alichimbua katika miaka ya 1960 hekalu dogo ndani ya ngome, lenye madhabahu na mawe yaliyosimamishwa. Hekalu lile lilifungwa zamani zile za wafalme, na madhabahu ndogo za kufukizia zikalazwa chini na kufunikwa kwa udongo. Wataalamu hubishana kama ilitokea siku za Hezekia au za Yosia. Lakini baada ya Yosia, Yeremia aliwakuta watu wakilitumainia hekalu la Yerusalemu lenyewe kana kwamba ni hirizi (Yer. 7). Mahali palibadilika, na moyo ukabaki ulivyokuwa.

Katika Yohana 4 mwanamke Msamaria alimwuliza Bwana habari ya mlima: Gerizimu au Yerusalemu? Yesu aliketi kisimani, akaomba maji, akaanza na kiu. Hakuukejeli mlima wa baba zake, wala hakuuhalalisha. Alimfunulia Baba anayewatafuta wamwabuduo. Haja ilichukuliwa kwanza, na ndipo mahali pakawekwa huru.

5. Luther na sanamu za Wittenberg

Mwaka 1522, Luther alipokuwa amejificha katika ngome ya Wartburg, watu wa Wittenberg wakiongozwa na Karlstadt walianza kuziondoa sanamu makanisani kwa nguvu. Mwezi Machi Luther alirudi akahubiri siku nane mfululizo. Hakuzitetea sanamu. Alisema kwa maana hii: kwamba mkono unaweza kuiondoa sanamu mbele ya macho na kuiacha ndani ya moyo, na kwamba Neno lazima litangulie, liuweke huru moyo, ndipo sanamu ikose kazi na kuanguka yenyewe. Sisi tuliokata mkuyu tulikuwa wanafunzi wa Karlstadt, ingawa tulivaa kola ya Luther.

Wengine watauliza: Je, basi tuyaache matambiko yaendelee? Hapana. Amri ya Kwanza haina punguzo. Luther katika Katekisimu Kubwa anatufundisha kwamba kile ambacho moyo wa mtu umekiegemea ndicho mungu wake, na moyo unaouegemea mti haujamwegemea Muumba. Lakini katekisimu hiyohiyo inatuzuia tusimwache mtu bila egemeo. Na katika Katekisimu Ndogo, akieleza ombi la nne la Sala ya Bwana, Luther anahesabu hali ya hewa njema kuwa sehemu ya riziki ya kila siku. Bibi wa usharika wetu alikuwa na haki ya kuliombea jambo hilo kanisani, na sisi tulikuwa tumemnyima.

Tunapendekeza mambo matatu, kwa kufuata maswali yetu. Kwanza, mchungaji anapofika usharika mpya, awaulize wazee watu walikwenda wapi zamani, na kutafuta nini. Asiende kwa upelelezi wala kwa nidhamu ya Kanisa mkononi, bali asikilize kama Schmidt alivyosikiliza Katuruka. Pili, ajichunguze yeye mwenyewe mlangoni. Mhudumu anayeruhusu watu waamini kwamba baraka iko mikononi mwake, na kwamba sadaka kubwa hununua maombi makali, amekijenga tena chumba chembamba cha Chavín ndani ya kanisa la Mungu. Tatu, Kanisa lisijenge juu ya haja za watu kwa ajili ya utukufu wake lenyewe. Mtume Paulo kule Listra aliwaambia wakulima wasiojua Torati kwamba Mungu hakujiacha pasipo ushuhuda, kwa kuwa aliwapa mvua na nyakati za mavuno (Mdo. 14:17). Alianza na mvua yao, akawapeleka kwa Mungu aliye hai.

Hitimisho

Mwaka uliofuata baada ya mkuyu kukatwa, tulitangaza ibada ya mbegu kabla ya mvua za kwanza. Watu walikuja na mpunga, mahindi na mtama katika vikapu, wakaviweka mbele ya madhabahu. Wavuvi walileta nyavu. Tulisoma Zaburi ya 65, tukaeleza ombi la nne, tukamwomba Mungu Baba kwa jina la Yesu Kristo. Tuliwaambia wazi kwamba mbegu hizo hazijapata nguvu yoyote ya siri, wala mchungaji hana mamlaka juu ya mawingu. Hatukuahidi mvua. Tuliahidi kwamba Yeye aliyemtoa Mwanawe anasikia, mvua ikinyesha na isiponyesha. Na kwamba usharika utagawana chakula kama mazao yatakosekana, jambo ambalo mti haukuweza kulifanya.

Kisiki kilikaa miaka kadhaa. Hatukukigusa tena. Bibi yule alikuja na kikapu chake kila mwaka, akakiweka mahali palepale, upande wa kushoto wa madhabahu. Mwaka wa tatu tulimwuliza kama bado wapo wanaokwenda kisimani usiku. Akafikiri kidogo, akasema, "Wapo, Baba Mchungaji, lakini hawapiti tena kwangu kuomba unga."